Nywele za Kipilipili: Nani Aliyesema Ni Ngumu?

Katika majumba yetu ya pwani, tangu Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Pemba, mtoto wa kike hajatimiza siku arubaini huwa kichwa chake kimekwisha hukumiwa. Wanawake wanaokuja kumtazama mzazi humvua mtoto kofia, wakazitazama nywele, kisha mmoja wao akasema: "Mashaallah, huyu ana singa, amefuata kwa babake." Na zikiwa si za singa, hunyamaza kidogo, halafu husema: "Haidhuru, zitalainika."

Neno hilo "haidhuru" ndilo tulitakalo kulisema leo. Kwani mtu hasemi "haidhuru" ila mbele ya aibu au khasara. Basi ni aibu gani aliyozaliwa nayo mtoto huyu? Na ni nani aliyemkosea, hata apewe pole kwa umbo aliloumbwa na Mola wake?

Mtoto huyo akikua huambiwa kuwa ana nywele ngumu. Akilia anapochanwa, hupigwa kwa kitana kichwani na kuambiwa kuwa nywele zake zina taabu. Akifika miaka minane au tisa, hupelekwa kutiwa dawa ya kuzinyosha. Akifika umri wa kuolewa, nywele za mbele zimekwisha, na paji la uso limerudi nyuma kama la mzee. Hapo ndipo hutafutwa nywele za kuungwa ili kufunika. Basi tazama njia hii ilipoanzia na ilipoishia: imeanzia katika neno "haidhuru", na imeishia katika upara.

Sisi twasema wazi, na atakayekasirika na akasirike: hakuna nywele ngumu. Ugumu uko mahali patatu. Uko katika macho yetu sisi wenyewe, uko katika mkono wa msusi asiyeijua kazi yake, na uko katika mkebe wa mfanya biashara anayekula kwa kutuonesha kuwa tuna kasoro.

Natuanze na nywele zenyewe, maana mtu hawezi kukitunza asichokijua. Unywele wa singa hutoka katika kishimo kilichonyooka, nao ni wa mviringo. Unywele wa kipilipili hutoka katika kishimo kilichopinda, nao ni bapa kidogo, kwa hivyo hujisokota unapokua. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe. Katika singa mafuta hayo huteremka kama maji katika mfereji ulionyooka, yakafika nchani. Katika kipilipili hayafiki, kwa sababu njia ina makona mengi. Kwa hivyo nywele hizi hukauka mapema, na kila palipo na kona ndipo penye udhaifu, ndipo zinapokatika.

Basi angalia kinyume kilichoje! Nywele tunazoziita ngumu ndizo zilizo dhaifu kuliko zote. Twazichana kwa nguvu tukidhani ni shupavu, kumbe ni laini zinazotaka huruma. Mtu aliyepewa kikombe cha kauri akakisugua kwa mchanga, kisha kikivunjika akasema kuwa kikombe ni kibaya, je, huyo mna akili?

Sasa, dharau hii ilitoka wapi? Wako watakaosema yote ni ya wazungu. Kweli, na wao wana fungu lao, tena kubwa. Afrika ya Kusini, baada ya sheria ya 1950 ya kuwaandikisha watu kwa rangi zao, ikawa mtu akitiliwa shaka hutiwa penseli katika nywele. Ikianguka, aweza kuhesabiwa mzungu; ikikwama, hapana. Binti mmoja, Sandra Laing, aliyezaliwa 1955 na wazazi walioandikwa kuwa ni wazungu, alitolewa shuleni 1966 kwa sababu ya rangi yake na nywele zake, akaandikwa kuwa ni chotara. Sheria ile ilifutwa 1991, lakini fikira yake haikufutwa nayo. Septemba 2020, katika nchi hiyo hiyo, maduka ya Clicks yaliweka tangazo la bidhaa za TRESemmé ambalo lilizieleza nywele za mwanamke mweusi kuwa ni kavu na zilizoharibika, na nywele za mzungu kuwa ni za kawaida. Watu wakasimama, na kampuni ikaomba radhi. Lakini jambo lilikuwa limekwisha semwa waziwazi: wao ndio kawaida, sisi ndio ila.

Hayo ni ya wazungu. Lakini ndugu zangu, ni mzungu gani anayeingia katika vyumba vyetu kumvua kofia mtoto wa siku arubaini? Ni mzungu gani anayekaa barazani akasema, "Binti ni mzuri, lakini nywele zake ni za kipilipili," kana kwamba anataja maradhi? Hapa pwani singa imefanywa kuwa hati ya nasaba. Mwenye singa huonekana ametoka mbali na ni mtu wa asili. Na mwenye kipilipili hutafutiwa bibi aliyemletea. Katika nyumba moja utawaona madada wawili wa tumbo moja, huyu akisifiwa, na yule akipewa pole, mpaka chuki ikaingia baina yao bila wao kujua mwanzo wake. Wazee wetu walisema, mkataa kwao mtumwa. Na anayezikataa nywele za nyanya yake aliyemzaa mama yake, amekataa nini kama si kwao?

Mambo haya dini yetu imekwisha yatolea hukumu. Abu Dharr, naye ni sahaba mkubwa, alimtukana mwenzake kwa ajili ya mamake, na Mtume (S.A.W.) akamkemea, akamjuulisha kuwa bado ana jambo la kijahili ndani yake. Tena imepokewa kuwa Mtume aliwaamrisha watu kumsikia na kumtii kiongozi wao hata akiwa ni Mhabeshi ambaye kichwa chake ni kama zabibu. Baadhi ya wanazuoni walioifasiri hadithi hiyo wamesema mfano wa zabibu ni kwa ajili ya ufupi wa nywele zake na kusokotana kwake. Kichwa cha kipilipili, basi, kinafaa kuwaongoza Waislamu. Vipi kisifae kuingia katika nyumba ya harusi bila ya kuchomwa kwanza?

Nasema kuchomwa, na sikutia chumvi. Dawa za kunyosha zina namna tatu zilizo mashuhuri, na ni haki ya kila mama kujua kilichomo.

Namna ya kwanza ina soda kali, ile inayotengenezea sabuni na kuzibulia mabomba yaliyoziba. Kazi yake ni kuvunja vifungo vya ndani vinavyoupa unywele umbo lake. Mkono unaotia dawa huvishwa glovu, na kichwa kinachotiwa kimeachwa wazi! Mwaka 1975 tume ya biashara ya Marekani iliilazimisha kampuni ya Johnson Products ya Chicago, iliyotengeneza Ultra Sheen, iwatahadharishe wanunuzi kwa maandishi juu ya soda hiyo na madhara yake. Ni zaidi ya miaka arubaini sasa, na bado sisi twauliziana kama ile dawa "inakamata".

Namna ya pili huuzwa kwa maneno kuwa haina soda hiyo, na akina mama huinunua kwa ajili ya watoto wakidhani ni ya upole. Wengi hawajui kuwa nyingi ya hizo zimejengwa juu ya chokaa, ile ile tunayoipaka katika tambuu. Mla tambuu yeyote ajua chokaa ikizidi huufanya nini ulimi. Basi fikiri huo ukali katika utosi wa mtoto, ukichanganywa na dawa nyingine ya kuutia nguvu zaidi.

Namna ya tatu ni zile za kunyosha kwa moto wa pasi, na nyingi ya hizo hutoa mvuke wa fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliihukumu 2004 kuwa ni kitu kinacholetea watu saratani. Na 2011 wakuu wa usalama wa kazi wa Marekani waliwatahadharisha wenye saluni kuwa baadhi ya chupa zilizoandikwa kuwa hazimo fomalini, imo. Tena anayevuta mvuke huo si mteja peke yake; msusi, naye ni binti wa watu, huuvuta tangu asubuhi hadi magharibi.

Na khabari iliyo nzito zaidi ni ya Oktoba 2022. Wataalamu wa taasisi za afya za Marekani waliwafuata wanawake 33,497 kwa muda wa karibu miaka 11, na 378 kati yao wakapata saratani ya tumbo la uzazi. Walipotazama, waliona kuwa kwa wanawake wasiotumia dawa za kunyosha nywele, wanaokadiriwa kupata saratani hiyo kufikia umri wa miaka 70 ni asilimia 1.64. Kwa wale waliozitumia zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja, ni asilimia 4.05. Hawakusema kuwa kila anayetia dawa ataugua. Twasema la haki: wengi hawataugua. Lakini khatari imezidi mara mbili na ziada. Je, mzazi mwenye akili amtie bintiye katika khatari hiyo, tena kwa pesa zake, ili watu waseme nywele zimelala?

Hapa huenda akasimama mtu akauliza: "Je, wasema kunyosha nywele ni haramu?" Jawabu yetu ni kuwa hatukusema hivyo, wala hatumharamishii mtu kwa chuki zetu. Kujipamba kunatakikana, na Mtume ameamrisha mwenye nywele kuzikirimu. Mtu mzima anayezinyosha kwa njia isiyomdhuru, hilo ni lake na Mola wake. Lakini dini yetu imesimama juu ya kutojidhuru na kutowadhuru wengine, na penye dhara iliyothibiti hukumu hubadilika. Mtoto mdogo hana khiari. Anayemchagulia ni mamake. Na anayemchagulia mwenziwe dhara ataulizwa.

Ama nywele za kuunga, khabari yake ni nzito zaidi. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa mama mmoja alikuja kwa Mtume akasema bintiye ameugua, nywele zikapukutika, naye anaozwa, je, amuungie? Mtume hakumruhusu, bali alimlaani muungaji na mwenye kuungwa. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya nyuzi za sufi na hariri zisizofanana na nywele, lakini nywele za mtu kuungwa kwa nywele, hilo wengi wao hawakuliachia mlango. Sasa fikirini: sisi hatumngoji binti augue. Twazipukutisha nywele zake wenyewe kwa dawa, kisha twatafuta rukhsa ya kuunga!

Mwingine atasema: "Lakini nywele za kipilipili zikiachwa ni uchafu, na mtu lazima awe nadhifu." Kweli, lazima awe nadhifu. Lakini ni nani aliyesema kuwa unadhifu ni kunyooka? Kusuka ni unadhifu. Bibi Ummu Salama, mke wa Mtume, alikuwa akizifunga nywele zake misuko iliyokaza, hata akauliza kama ni lazima azifungue anapooga janaba. Akaambiwa yamtosha kujimiminia maji kichwani mara tatu. Sheria imeifanyia misuko wepesi, na sisi twaifanyia haya.

Wa tatu atasema: "Waume wanataka singa." Hapa twawageukia wanaume wenzetu. Ewe bwana, wewe kichwa chako ni cha kipilipili, baba yako kipilipili, na watoto unaowaomba kwa Mungu watakuwa hivyo hivyo. Wamtaka mkeo awe na nini ambacho wewe mwenyewe huna? Na ikiwa wampenda kwa sababu ya kilichotoka katika mkebe, basi umeuoa mkebe. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lakini wanaume wasije wakadhani kuwa dawa ya mambo haya ni kuwafokea wanawake. Jambo hilo limekwisha jaribiwa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku wigi, dawa za kujichubua na nguo fupi, amri ianze Januari 1969. Vijana hawakungoja, waliwavamia wanawake Kariakoo, Dar es Salaam, wakawavunjia heshima yao hadharani. Je, wigi zilikwisha? Leo zauzwa kila mtaa. Aibu haitolewi kwa aibu nyingine. Mwanamke aliyefundishwa tangu uchanga kuwa kichwa chake ni kasoro hatatibiwa kwa kupigiwa kelele; atatibiwa kwa kuambiwa kweli, na kwa kuoneshwa njia iliyo bora.

Na njia hiyo ipo, tena si ya gharama. Nywele za kipilipili hutaka vitu vitatu: maji, mafuta, na mkono wa upole. Usizichane kavu. Zilowe kwanza, uzigawe mafungu mafungu, utumie shanuo la meno mapana, uanze nchani upande juu, si utosini ukashuka. Kisha zikiwa bado na unyevu, paka mafuta ili maji yasikimbie. Na hapa tumshukuru Mola kwa neema aliyotuotesheza mlangoni: mwaka 2003 wataalamu wa Bara Hindi walilinganisha mafuta ya nazi na ya alizeti na yale yanayotokana na petroli, wakaona ya nazi peke yake ndiyo yanayopenya ndani ya unywele na kupunguza kulika kwake, hata yakipakwa kabla ya kuosha. Na hayo ya petroli ndiyo yaliyojaa katika mikebe mingi ya rangi rangi tunayoinunua kwa bei kubwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyanya zetu waliokuwa wakikuna nazi, wakaosha kwa majani ya mkunazi, hawakuwa wajinga.

Ama msusi, mchague kama umchaguavyo mwalimu wa mtoto wako, kwani naye atamfundisha jambo. Msusi mwema hukitazama kichwa kabla ya kukigusa. Huuliza kilitiwa nini na lini. Ukimwambia yauma, hulegeza, wala hakwambii uvumilie. Maumivu ni mjumbe: msuko ukivuta ngozi ikatoa vipele, shina la nywele linakufa. Katika mtaa wa Langa, mjini Cape Town, wataalamu walikuta 2007 kuwa karibu mwanamke mmoja katika watatu ana upara wa kuvutwa nywele. Wala hilo si la kipilipili peke yake. Maradhi hayo yaliandikwa 1907 kwa wanawake wa Greenland, wenye nywele zilizonyooka kabisa, kwa sababu tu walikuwa wakizifunga kwa kukaza. Basi kosa si la nywele, ni la mkono.

Msusi mwema hukataa kumtia dawa mtoto, hata mama akilazimisha na pesa ziko mezani. Hukataa kichwa chenye kidonda. Hukuonesha mkebe ukasoma kilichomo. Na mahali pake pana sitara. Mwanamume haingii, wala mlango hauachwi wazi, ili mwanamke avue mtandio wake akiwa na amani. Mkimpata wa namna hiyo, mlipeni vizuri wala msimpunje, kwani msusi anayelipwa kidogo hufanya haraka, na haraka ndiyo inayong'oa nywele. Ama yule anayeanza kwa kusema, "Dada, nywele zako hizi zina kazi," inuka, chukua mtandio wako, uende zako. Amekwisha kujuulisha kuwa hajui kazi yake.

Na jambo la mwisho ni ulimi, kwani ulimi ndio uliotangulia mkebe. Kina mama, mnapomchana binti, msimwambie nywele zake ni mbaya. Kina nyanya, mnapokwenda kumtazama mzazi, mwachieni mtoto kofia yake, ombeni dua, mtoke. Kina baba, mnapotaja sifa za mchumba, tajeni dini yake na tabia yake. Na waalimu wa vyuoni na maskulini, msimfanyie dhihaka mtoto kwa kichwa chake mbele ya wenziwe, kwani dhihaka ya mwalimu haisahauliki.

Mwenyezi Mungu ametufundisha kuwa amemuumba mtu kwa umbo lililo bora kabisa, na kuwa kukhitalifiana kwa ndimi zetu na rangi zetu ni katika dalili zake. Anayeitazama dalili ya Mungu akasema "haidhuru", na ajitafakari amesema nini, na amemwambia nani. Wabillahi taufiki.